Mwendo wa Watoto: Kwa Mama Unayefundishia Nyumbani na Kujiona Umechelewa

Bwana asifiwe, mama mwenzangu. Nikuanzie na aibu yangu.

Kijitabu cha Kiingereza kilimuuliza mwanangu anapenda kufanya nini siku ya Jumamosi. Akajibu, kwa mwandiko safi kabisa: "Majibu yatatofautiana." Ukiwahi kushika kitabu cha majibu unajua maneno hayo yametoka wapi. Ni ya kumwambia mzazi kwamba kila mtoto atajibu lake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikanyamaza, maana nilielewa ni nani aliyemsukuma kunakili.

Sisi tulianza kwa kulazimika, shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020. Zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, baba watoto na mimi tukaamua kuendelea nyumbani kwa vijitabu vya PACE, vya mtaala wa Kikristo wa ACE, ambavyo mtoto husoma na kujisahihishia mwenyewe. (Kabla hujaamua hivyo, soma Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 na umuulize anayeijua sheria. Inamdai mzazi amhudhurishe mtoto shuleni, na wengi tunaanza bila kuifungua.) Vijitabu hivyo ni 12 kwa kila somo kwa mwaka. Masomo matano, basi ni 60. Nikachora jedwali, nikalibandika kwenye friji, na hilo jedwali ndilo lililonitawala mwaka mzima.

Mtoto alikuwa na miaka 9, wenzake wakielekea Gredi ya 4, kwa hiyo nikanunua kijitabu cha hesabu namba 1037, kinachoanzia gredi hiyo. Sikumpima kwanza. Nilimpima umri tu. Alama ya kupita ni 80, yeye akapata 62, akarudia, akapata 66. Huku kwenye kundi la WhatsApp akina mama wanaweka picha za watoto wao na vyeti. Huku mama mkwe anauliza kwa upole ule unaochoma, "Na huyu ataingia shule lini?" Nikaanza kumharakisha. Kurasa tatu kwa siku zikawa sita. Mtoto anayejisahihishia mwenyewe, kitabu cha majibu kiko mezani na mama amekunja uso, atafanya nini? Atapona anavyojua.

Wakati huo ndipo nilipokutana na Mwanzo 33 kwa macho mengine. Esau anakuja na watu 400, wanapatana, kisha anamwambia ndugu yake Yakobo twende pamoja. Yakobo anakataa. Anasema watoto ni wachanga, na mifugo inanyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja, kundi litakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Wala hakumwomba Esau radhi kwa kuchelewa. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye msafara wa Esau nikiburura watoto.

Basi tukafanya mtihani wa kupima kiwango, ule niliopaswa kuufanya siku ya kwanza. Kiingereza kilikuwa sawa na umri wake. Hesabu ilikuwa imekatika huko kijitabu cha 1021, Gredi ya 2: kutoa kwa kukopa. Alihitaji vijitabu sita vya kuziba mapengo, si vyote kumi na sita vya kuanzia hapo hadi 1036. Vikatuchukua miezi minne. Tulitoa kwa kukopa kwa maharagwe, kwa vifuniko vya soda, kwa chenji ya sukuma wiki. Aliporudi 1037 akapata 88, na kitabu cha majibu kilikuwa kabatini kwangu.

Kwa hiyo mpime mtoto kabla hujatoa shilingi, na usione haya akiwa gredi mbili tofauti katika masomo mawili. Shuleni pengo kama lile lingeweza kupita bila mtu kuliona. Wewe umeliona, na una muda.

Ukiwa na mtoto mchanga, punguza bila kujihukumu. Nilipojifungua wa tatu, kwa wiki sita tulibaki na Biblia, kusoma kwa sauti na hesabu. Mwingine alisoma akiwa amelala chini ya meza, nami nikinyonyesha. Isaya 40:11 inasema "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole." Nilikuwa nimeusikia mstari huo ukihubiriwa mara nyingi, na sijawahi kudhani unanihusu mimi na kanga yangu yenye maziwa.

Picha za kundi nilizizima kwa mwezi mmoja. Kundi lenyewe sikuliacha, maana humo ndimo nilimopata dada mmoja aliyenijibu saa tano usiku kwamba wake pia amenakili. Mtafute wa namna hiyo mapema. Mama mkwe naye nilimwita akae nasi asubuhi moja, amsikilize mjukuu akimsomea Zaburi. Bado anauliza, ila siku hizi anakuja na mandazi.

Jedwali nililibandua. Na Jumamosi, kumbe, anapenda kwenda na babake kuosha pikipiki mtoni. Nilimuuliza kwa mdomo.