Sina pesa ya kupanda Nyiragongo, nilianza na ukuta wa makoro

Mdogo wangu, umeuliza hivi: unaishi Himbi, hapa Goma, pesa ya kwenda kutembelea Mbuga ya Virunga na mlima wake wa volkano, Nyiragongo, huna, na hata ungekuwa nayo hali ya barabara tunaijua sote, sasa utafanyaje usiendelee kupita katikati ya miti, ndege na ziwa kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni? Wengi wamekujibu ukae kimya, ufumbe macho, uvute pumzi. Mimi ni fundi cherehani wa Majengo, mtaa mwingine wa Goma. Hiyo ya kufumba macho niliijaribu, nikasinzia. Tena kwenye kibaraza changu ukifumba macho, ukiyafumbua mkasi haupo.

Kilichonisaidia ni ukuta.

Cherehani yangu inatazama ukuta wa makoro. Kwa wasomaji wa mbali: makoro ni mawe ya lava iliyopoa, meusi, yenye vitundu kama mkate. Haya ya kwangu yalishuka Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, nikiwa na miaka tisa. Watu waliporudi walivunja lava ileile iliyowaunguzia nyumba, wakajengea nyingine. Kwa hiyo nakaa mbele ya mawe ambayo nimeyazidi umri.

Mwaka 2016 tulikuwa na wageni wa mahari. Ukuta ulikuwa umeota kitu cha kijivu, nikakichukulia kuwa uchafu, jivu la mlima lililogandamana na vumbi. Nikachukua brosi ya waya na sabuni ya unga, nikasugua sehemu ya kama mita mbili hadi jiwe likarudi jeusi tii. Nilijisifu sana. Wageni, nadhani, hawakuutazama hata kidogo.

Miezi michache baadaye mteja mmoja, binti anayesoma biolojia, alileta koti lake la maabara nimshonee mfuko. Akasimama mbele ya ukuta akauliza kwa nini kipande kile ni kitupu. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa. "Mama, umefua shamba." Akanieleza kwamba ule ujivu ni likeni: kuvu na viumbe vidogo vya jamii ya mwani vinavyoishi pamoja kama mume na mke, mmoja ameshika jiwe na maji, mwingine anapika chakula kwa jua. Hii yetu inaitwa Stereocaulon, na ndiyo inayofanya lava ya milima yetu ibadilike kutoka nyeusi kuwa ya kijivu baada ya miaka michache. Inafika kabla ya majani. Lava mpya haina naitrojeni ambayo mimea inaihitaji. Likeni hii inaivuta hewani. Wengine wote wanaota baada yake.

Tangu siku hiyo kile kipande nilichosugua kikawa deni langu. Nikawa nakitazama kila asubuhi kabla ya kutia uzi kwenye sindano, na neno moja naliandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mwanzoni niliandika upuuzi: "jeusi", "jeusi", "jeusi, mvua". Wiki nzima hivyo. Nikachoka, nikaacha, nikarudi kwa sababu umeme ulikatika na pasi ilikuwa baridi, sina kazi. Ndipo nikaanza kuona kwamba hata "jeusi" si moja. Jiwe likilowa ni jeusi la kitambaa cha msiba; likikauka linaingia rangi ya kahawia. Likeni iliyobaki pembeni ikikauka inavunjika kidoleni kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Mvua ikipiga, inalainika na kujaa.

Katika ufa mmoja palikuwa na kangaga. Jani lake changa linatoka likiwa limejikunja kama mita yangu ya kupimia, halafu linajikunjua taratibu. Nilipima moja kila siku mpaka mume wangu akauliza nani ananilipa. Chini ya jani lililokomaa niliona vidoa vya kahawia vimepangwa mistari miwili, sawasawa kama mshono wa mashine. Nikasema hayo ni mayai ya wadudu, nikayakata yale majani yote ili yasiambukize mengine! Kumbe vile ni vifuko vya spora, chembe ndogo kama vumbi, na hivyo ndivyo kangaga linavyozaa bila mbegu. Mara ya pili naharibu kwa kudhani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Chagua kitu ambacho huwezi kukikwepa, kilicho mbele ya mlango au pale unaposubiria maji na bidoni, yaani dumu lako. Usikimbilie kukiita jina wala kukisafisha. Sema kwanza rangi yake, umbo lake, kilichobadilika tangu jana. Utulivu wanaousema wengine mimi haukunijia kwa kuutafuta. Ulinijia siku nilipogundua nimemaliza chai bila kushika simu, kwa sababu chozi, yule ndege mdogo, alikuwa amekuja kuchukua utando wa buibui ukutani akajengee kiota. Nilimfuata kwa macho safari sita. Sijui kama hiyo ndiyo unayoitafuta wewe.

Siku nyingine kutazama kunauma. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka tena, anga ilipokuwa nyekundu na tunakimbia na watoto, sikuwa na mapenzi yoyote na mlima. Lava iliishia Buhene, pembezoni mwa mji, haikutufikia. Niliporudi nilikaa wiki kadhaa nimegeuzia cherehani upande mwingine.

Jambo moja la hatari, kwa sababu umesema unataka kutafuta sehemu ya kimya huko Himbi karibu na ziwa. Usiende kukaa kwenye mashimo na mabonde ya lava, hasa alfajiri wakati hakuna upepo. Mazuku si hadithi za bibi. Ni hewa ya ukaa inayopanda kutoka ardhini; ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajaa pale chini kama maji kwenye beseni, na huioni. Mtu aliyesimama anaweza asihisi kitu, aliyeketi au mtoto akaanguka. Ukikuta panya, ndege au mbuzi amekufa shimoni bila jeraha, ondoka, usishuke kumtazama. Kaa juu, mahali penye upepo.

Kile kipande changu kilianza kupata vidoa vya kijivu mwaka wa tatu. Leo kimefunikwa karibu nusu, upande wa chini zaidi kuliko wa juu, na sababu bado naitafuta. Nadhani ni umande, au ni maji ya kufulia ya jirani. Akihama nitajua.