Mwanangu, umeniuliza kama binadamu tunarudi nyuma

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliufungua ndani ya mwendokasi, nikarudia kuusikiliza nyumbani maana kelele zilinimezea nusu yake. Unasema: "Mama, umefanya kazi wodi ya wazazi miaka yote hiyo. Niambie kweli, binadamu tunaenda mbele au tunarudi nyuma? Mimi nikishika simu naona vita, mafuriko, watoto wenye njaa. Na mwenzangu anataka tuzae." Baba yako nilipomsikilizisha, alisema dunia ilikwisha siku nyingi, nadhani anahesabu tangu nauli ya daladala ilipoanza kupanda. Mimi nitakujibu kwa ninachokijua.

Ninachokijua ni leba. Mkunga anayepokea zamu akasema "huyu hana shida, atajifungua salama" hunitia hofu kuliko mgonjwa mwenyewe. Mama amejifungua vizuri, mtoto analia, ndugu wanapiga vigelegele huko nje, na dakika chache baadaye damu inamtoka haizuiliki. Mkunga mzuri anawaza mabaya mapema. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu isimtoke mama kupita kiasi, anaiandaa kabla kichwa cha mtoto hakijatoka, na anajua ilikuwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kwa sababu ikikaa kwenye joto letu la Dar inapoteza nguvu, nawe kwa macho huwezi kuijua. Mfuko wa kumpulizia mtoto hewa anaujaribu mkononi kwanza. Asiyepumua anatakiwa kuanza kupuliziwa ndani ya dakika moja, si muda wa kutafuta vifaa kabatini.

Sasa, wapo wanaowaza mabaya wakaishia hapohapo. Analetwa mama wa kifafa cha mimba, bajaji ilinasa kwenye foleni, hali ni mbaya, na mtu anasema "huyu ameshakwenda." Neno hilo likishatoka, kila mtu anatembea polepole. Baadhi ya walioagwa hivyo nakutana nao sokoni Rangi Tatu wakinunua dagaa. Ndiyo maana siwapendelei wenye matumaini wala waliokata tamaa: wote wawili wamejipa ruhusa ya kukaa.

Ukitaka namba, zipo, nazo hazikubembelezi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004/05 ulionyesha kwamba kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Ule wa 2022 ukaonyesha 43. Chanjo zimo humo, vyandarua vyenye dawa vimo, dawa mseto ya malaria imo. Lakini usishangilie bado. Wanaokufa ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa 26 kwa 1,000 mwaka 2010, na mwaka 2022 walikuwa 24. Hapo hatujasogea. Chandarua hakimsaidii mtoto aliyechokea tumboni. Huyo anahitaji oksijeni, joto, na mtu ambaye hajalala saa tisa usiku. Watu wa aina hiyo ni ghali, na ni wachache.

Kuhusu vita sina la kukutuliza, sitakudanganya.

Ila nikuambie habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Oktoba 1977 aliugua ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetokomezwa. Mtu wa hospitali, na chanjo aliikwepa kwa kuogopa sindano! Baadaye alijiunga na kampeni ya polio, akawa anawaendea wazazi waliokataa chanjo na kuwasimulia yaliyomkuta yeye. Mwaka 2013 polio ilirudi Somalia, akarudi kazini, na akiwa katika kazi hiyo malaria ikamuua. Kila ninapomfikiria nashindwa kuamua kama habari yake ni njema au mbaya, na nimeacha kujaribu. Namheshimu kwa kule kupiga hodi kwenye nyumba za watu wasiotaka kumsikia.

La kuzaa ni lako na mumeo, shangazi zako wasikusukume. Mkiamua, anza vidonge vya foliki asidi kabla hujashika mimba. Kliniki nenda kabla ya wiki 12, usingoje tumbo lionekane. Na kabla hujachagua kituo huko Mwanza, kawaulize usiku damu wanaipata wapi, na gari la rufaa likiitwa linachukua muda gani kufika. Watakuona msumbufu. Uliza hivyohivyo, na majibu unitumie.

Mama yako