Ni njano, si nyekundu
Wengi hudhani kuwa macho hadharani ni kukaa roho juu muda wote. Hapana, sivyo. Jeff Cooper, Mmarekani aliyezigawa hali za kuwa macho kwa rangi, aliweka nne tu: nyeupe, njano, chungwa na nyekundu. Ukisikia ya tano, nyeusi, hiyo iliongezwa na wengine baadaye. Ya kila siku ni njano: umetulia, ila unajua nani yuko nyuma yako na mlango wa kutokea uko wapi. Chungwa ni pale mtu yuleyule anapokata kila kona uliyokata wewe. Macho kwenye simu, hedifoni masikioni? Nyeupe hiyo. Ila Cooper alikuwa mwalimu wa bunduki, na nyekundu yake ilikuwa utayari wa kupigana. Kwa raia wa kawaida, nyekundu ichukulie kuwa ni kuondoka haraka.