Kichagua rangi kwa JavaScript: muulize kwanza mwenye duka ana nini stoo

Juzi kijana mmoja wa chuo, yuko field Mbeya, kaniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nimeuona ule ukurasa wa fulana uliotengeneza, mteja anagusa rangi na fulana inabadilika hapohapo. Umetumia maktaba gani? Nipe jina tu, mengine nitamalizia mwenyewe."

Nipe jina tu! Nimecheka, maana jina lenyewe halipo. Sijatumia maktaba yoyote, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine. Na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuuliza, nimeona niwajibu wote hapa, na nijisifu kidogo. Mtanivumilia.

Ukurasa huo ni wa mama mmoja Kariakoo anayechapa fulana: za kamati za harusi, za vikoba, za misiba, za mabonanza ya mtaani. Kabla yangu alishalipa ofisi moja hapa mjini, tena pesa nzuri, wakamwekea kichagua rangi cha kuvutia kweli, gurudumu kubwa lenye rangi zote za dunia. Kwenye kompyuta lilipendeza. Kwenye simu za wateja halikufaa kitu. Siku niliyofika nilimkuta binti wa dukani akihangaika na mteja: unaweka kidole kwenye kiduara, unakiburuta kwenda juu, kiduara kinabaki palepale na ukurasa mzima ndio unaopanda. Unaburuta chini, ukurasa unashuka. Mteja akachoka. "Dada, wewe niandikie tu damu ya mzee, maandishi meupe," akasema, akarudisha simu kwenye pochi.

Ofisi hiyo naijua. Niliwahi kwenda kuomba kazi kwao. Jamaa aliyenisaili aliperuzi kazi zangu huku anaongea na simu, kisha akaniambia watu wa kujifunzia YouTube wamejaa mjini, wao wanatafuta wenye vyeti. Sikubishana naye, nikaaga nikaondoka. Ila neno lile lilinikaa, na sitawadanganya: nilipofungua faili zao na kuona kilichokosekana ni mstari mmoja wa CSS (lugha ya kupamba ukurasa), nilifurahi furaha isiyo ya kiungwana. Mstari wenyewe ni touch-action: none, unauweka kwenye eneo la kuburuta. Bila huo, kivinjari cha simu kinadhani kidole kinataka kusogeza ukurasa, kinakunyang'anya mguso katikati ya safari. Watu wenye vyeti, jamani.

Lakini sikuurekebisha ule ukurasa. Nilimuuliza mama swali ambalo nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mama, stoo una fulana za rangi gani?" Akanitajia: nyeupe, nyeusi, damu ya mzee, bluu bahari, kijani, njano, kijivu. Basi. Tarakimu sita za heksa, ule msimbo wa rangi kama #800000, zinaweza kuandika rangi 16,777,216, na mama ana saba. Sasa gurudumu la nini hapo? Mteja achague zambarau ya machweo, halafu apigiwe simu aambiwe haipo?

Kwa hiyo rangi ya fulana nikaifanya vitufe saba vya duara, kila kimoja na jina lake chini. Ndani yake ni radio za kawaida za HTML (vitufe vya kuchagua kimoja tu) zenye label, yaani jina, nimezivalisha rangi tu kwa CSS. Faida yake ni kwamba mishale ya kibodi inafanya kazi bila wewe kuandika chochote, na anayetumia kisoma skrini anasikia "damu ya mzee" badala ya kimya. Kijani na njano vimewekwa jirani kwa makusudi, maana watu wa Yanga ni wateja wazuri. Watu wa Simba wana nyekundu yao kwenye maandishi, wasinune.

Maandishi ndiyo mama anaweza kuyachapa kwa rangi karibu yoyote, na hapo ndipo uhuru unapofaa. Nilitumia kile ambacho kivinjari kinacho tayari, yaani input yenye type="color". Chrome ilianza kukipokea 2012, Firefox 2014, na Safari ya kompyuta ilijivuta hadi 2019. Leo hakuna sababu ya kukiogopa. Kazi ya JavaScript ni hii tu:

const rangi = document.querySelector('#rangi-maandishi');
rangi.addEventListener('input', function (e) {
  document.documentElement.style.setProperty('--maandishi', e.target.value);
});

Kwenye CSS, maneno yaliyo juu ya picha ya fulana yanasoma var(--maandishi), yamekwisha. Zingatia nimesikiliza tukio la input, si change. La kwanza linapigwa kila rangi inaposogea, kwa hiyo fulana inabadilika mteja akiwa bado anachagua. La pili linasubiri amalize. Mimi change naitumia kuhifadhi chaguo kwenye localStorage, stoo ndogo ya kivinjari, ili mtu bando likikata akirudi asianze upya.

Ukitaka kupendekeza rangi chache, unganisha input hiyo na datalist kwa sifa ya list. Ukitaka kile kisanduku kiwe duara, kiondolee appearance kisha upambe ::-webkit-color-swatch, na kwa Firefox ::-moz-color-swatch. Mwisho wako ndio huo. Dirisha linalofunguka baada ya kugusa ni mali ya kivinjari na simu: Android ina lake, iPhone ina lake, na CSS yako haiingii humo. Wengi wanaoniambia wanataka kichagua rangi "cha kujipangia" huwa wanakwama hapo, halafu wanarukia maktaba. Coloris ni nzuri, iro.js ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na mtu anayebandika asichokielewa kisha mteja akilalamika anasingizia mtandao.

Cha kujijengea mwanzo mwisho nimekifanya kwa mteja mwingine, wa kadi za mwaliko, aliyetaka kila kitu kikae ndani ya ukurasa pembeni ya kadi. Mraba wake ni div moja (kisanduku cha HTML) yenye tabaka tatu: chini rangi kamili, kwa mfano hsl(210, 100%, 50%), juu yake mteremko wa nyeupe kutoka kushoto kwenda kwenye uwazi, na juu kabisa mteremko wa nyeusi kutoka chini. Pembeni kuna kitelezi cha kubadilisha rangi yenyewe, kuanzia 0 hadi 360. Kidole kikigusa mraba, pointerdown inaita setPointerCapture ili mburuto usipotee hata kidole kikitoka nje ya mraba. Kisha getBoundingClientRect inakupa vipimo: umbali kutoka kushoto ukigawanya kwa upana ndio ukolezi wa rangi, na umbali kutoka chini ukigawanya kwa kimo ndio mng'ao. Hesabu ya kugeuza hizo kuwa RGB (vipimo vya nyekundu, kijani na bluu) siiandiki, imejaa kila mahali.

Nitakalosisitiza ni moja. Hifadhi namba tatu za HSV, yaani rangi yenyewe, ukolezi na mng'ao, usihifadhi heksa ukategemea kurudi nyuma. Mteja yuko kwenye bluu, akaburuta hadi chini kabisa akafika nyeusi. Ukiandika #000000 na kutupa zile namba, bluu imepotea, maana nyeusi haina rangi ndani yake. Programu ikijaribu kukokotoa upya inapata 0, na 0 ni nyekundu. Kitelezi kinaruka chenyewe kwenda kwenye nyekundu mbele ya macho ya mteja. Nimeuona ujinga huu kwenye tovuti za makampuni yenye jengo na mlinzi getini. Narudia: HSV ndiyo ya kuhifadhi, heksa ni ya kuonyesha tu.

Halafu kuna kusomeka. Vijana wenzangu, hapa tunajiaibisha. Mtu akichagua maandishi ya njano kwenye fulana nyeupe, usinyamaze eti mteja ni mfalme. Fomyula ya WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazotumika na watu wote, iko wazi: unapata mwangaza wa kila rangi, unaongeza 0.05 kwa kila mmoja, unagawanya mkubwa kwa mdogo. Njano ya #ffff00 juu ya nyeupe inatoa 1.07 kwa 1, yaani hakuna kinachoonekana. Nyeupe juu ya #800000, ambayo ndiyo damu ya mzee ya mama, inakaribia 11. Kiwango cha maandishi ya kawaida ni 4.5. Ikishuka hapo, ukurasa wangu unaandika: "Maandishi haya hayatasomeka vizuri, jaribu rangi iliyokolea au iliyofifia zaidi." Haumzuii, unamwambia. Na chini kuna sentensi nyingine ndogo kwamba wino si skrini, kijani kinachowaka kwenye simu hupoa kikifika kwenye pamba. Mama anasema sentensi hiyo imempunguzia kesi.

Oda zote zinaingia kwa WhatsApp, kwa hiyo kitufe cha mwisho kinatengeneza kiungo cha wa.me chenye ujumbe: saizi, idadi, rangi. Hapa pana mtego. Alama ya # kwenye kiungo ina kazi yake maalumu, hivyo ukiibandika hivihivi ujumbe unakatika palepale. Mama atapokea "Fulana 40, maandishi rangi" na basi, huku mteja anaamini katuma kila kitu. Upitishe ujumbe wote kwenye encodeURIComponent, # itakuwa %23 na itafika salama.

Sasa wewe wa Mbeya, usiniandikie tena kabla hujajaribu kwenye simu. Si simu yako, ya mama yako au ya shangazi, ile yenye kioo kilichopasuka na ukubwa wa maandishi uliokuzwa hadi mwisho. Mpe, usimwelekeze, mwambie tu achague fulana ya bluu yenye maandishi meupe. Ukiona anakutazama wewe badala ya skrini, rudi kwenye vile vitufe saba.