Kujinyofoa nywele: zikiota usitupe daftari

Mi natunza hesabu za tajiri mmoja wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na kwa miaka kama tisa nilikuwa najinyofoa nywele za utosini, mkono mmoja kwenye kalkuleta mwingine uko kichwani, nakuja kushtuka nywele zimejaa mezani. Ushungi ukawa unanisitiri. Mama akasema jini, msusi wangu wa Mwanga akasema mapunye, nikapakwa kila kitu mpaka mawese.

Mtaalamu wa saikolojia niliyempata (tulikuwa tunaongea kwa simu kila wiki) ndo akanitajia jina, trikotilomania, na kwamba daktari mmoja Mfaransa, Hallopeau, aliliandika 1889. Yani kabla hata reli haijafika Kigoma kuna watu walikuwa wanajinyofoa kama mimi, sijui kwanini hiyo ilinifariji kuliko maombi yote.

Tiba yenyewe sio vidonge. Ni kufundishwa kuivunja tabia, njia ya Azrin na Nunn ya tangu 1973. Kwanza daftari: saa ngapi, umekaa wapi, mkono upi, ulikuwa unajisikiaje. Mi nilidhani ni kupoteza muda ila miezi miwili tu nikaona kitu, navuta zaidi wakati wa mbalamwezi! Sio uchawi jamani, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanapumzika, na sisi ndo tunafunga hesabu za giza lililopita, na tajiri wangu hesabu zikipishana anawaka. Af pili, hamu ikija unakunja ngumi unaibana pajani dakika moja au zaidi mpaka ipoe. Plasta kwenye kidole gumba na cha shahada pia ilinisaidia maana nilikuwa natafuta zile nywele ngumu zilizojikunja, na plasta huzisikii. Mume wangu kazi yake ilikuwa neno moja tu, "ngumi", bila kufoka.

Zikaota, nikasuka, daftari likaishia kufungia karanga.

Hapo ndo nilipokosea. 2024 ziwa Tanganyika likafungwa watu wasivue kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, hakuna dagaa hakuna hesabu, nikajua nitapumzika, kumbe mimi nilikuwa nimejipanga kwa presha tu, ule upweke wa kukaa mbele ya tivii mikono haina kazi sikuuwazia kabisa. Nikavuta moja, nikasema si nimeshaharibu, bora nimalize. Hilo wazo, dada yangu unayesoma, ndo baya kuliko unywele wenyewe. Nikaficha mwezi mzima kwa aibu, utosi ukawa na kipara kama kifuniko cha soda, ndo nikampigia mtaalamu.

Sasaivi wiki moja kila mwezi naandika hata kama niko vizuri. Ukurasa wa kwanza nimeandika nikivuta hata moja nafanya nini: namwambia mume siku hiyohiyo, narudisha plasta, na ikipita wiki bado navuta napiga simu. Mikono nimeipa kazi, naokota mawe kwenye mchele hata ambao hauna mawe. Na wewe unayezimeza hizo nywele usingoje, nenda hospitali, zinaweza kufanya bonge tumboni hadi upasuliwe.

Jumanne nilivuta mbili nikisubiri umeme urudi. Nimeziandika.