Barbo havutwi, anafuatwa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Uvira aliniandikia: «Muzee, kati ya samaki hawa watatu, mbenga, kambale na barbo, ni nani mwenye nguvu kuliko wote?» Swali lake lilinikuta mkono wa kulia bado unauma. Siku mbili kabla nilikuwa nimemtoa barbo wa kilo tatu na nusu kwenye Ruzizi, hapa Bukavu, chini kidogo ya pale mto unapoaga ziwa Kivu.

Mdogo wangu, jibu ni barbo. Wachukue wenye uzito mmoja, uwatie ndoano mmoja mmoja, utaniambia.

Nimemjua kwa hasara. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, maji yamejaa, nilikuwa kwenye jiwe lile lile nikiwa nimekaza breki ya mulineti, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, kama ninavyofanya kwa kambale. Kambale ni gunia la mchanga linalojizungusha: ni mzito, ni mkaidi, lakini ukikaza anakuja. Basi nilipoona uzi unatembea kupanda mto, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Samaki akasimama. Kisha akageuka, akashuka na mkondo. Hakuruka, hakuonyesha hata mgongo. Alijibana chini, kwenye mawe, akaenda, uzi ukalia, ukakatika. Haikufika nusu dakika.

Wavuvi waliokuwa karibu walicheka. Mmoja wao, mtu aliyenifundisha kufunga ndoano nikiwa mtoto, akasema mbele ya wote: «Huyu ni mtu wa karatasi, si mtu wa mto.» Neno hilo nimelala nalo mwaka mzima.

Miezi iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Nilikwenda, nilirudi na tilapia, nikaanza kusoma. Kumbe Waingereza wana barbo wao, ndugu wa huyu wetu, na wanampenda mpaka mwaka 1956 walimchukua kutoka mto mmoja wakampandikiza Severn, mto ambao hakuwamo. Walichoandika juu yake ndicho kilichonipata mimi: anapigana chini, na anautumia mto kama silaha.

Mtazame mwili wake. Ni mrefu, wa mviringo, tumbo limenyooka, mdomo uko chini, ndevu nne za kupapasia mawe. Huyo ameumbwa kusimama penye mkondo usiku na mchana. Na Ruzizi si mto wa mchezo: kutoka Kivu mpaka Tanganyika unashuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko kabla ya Kamanyola, pale uwanda unapoanza. Samaki anayekula na kulala kwenye ngazi ya namna hiyo utamchosha kwa mkono?

Mbenga namheshimu. Ana meno, ana mbio, anaruka nje ya maji akitikisa kichwa mpaka ndoano inatoka, maana mdomo wake ni mfupa mtupu. Lakini moto wake unawaka na kuzimika. Barbo hana hata jino moja mdomoni (meno yake yako kooni), midomo yake ni minene, ndoano inashika vizuri. Ukimpoteza, mara nyingi kosa ni lako.

Kwa hiyo, mpe uzi. Legeza breki mpaka uweze kuuvuta uzi kwa vidole viwili. Akishuka, shuka naye ukingoni, jaribu kuwa chini yake kwenye mto ili apigane na wewe pamoja na mkondo. Usimkaze. Akisimama usidhani amechoka, anapumzika. Mpe uzi tena. Huyu wa juzi nilitembea naye kama dakika kumi na mbili, nikianguka mara mbili kwenye mawe, na sikukaza hata mara moja. Vijana wetu wanataka kila kitu kwa nguvu, wanavunja fimbo ya kuvulia, wanavunja na moyo. Jifunzeni kufuata!

Jambo jingine nalisema kwa uchungu. Barbo hupanda mito kwenda kutaga, na sisi tunamngoja huko na vyandarua vya mbu. Tunazoa mpaka watoto. Halafu tunauliza kwa nini siku hizi sokoni Kadutu ni sambaza tu, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na barbo mkubwa ni wa kutafuta kwa tochi.

Wangu alikuwa na mayai. Nilimshika ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, kwa sababu barbo hupigana mpaka anaishiwa pumzi, na ukimwachia haraka anapinduka anakufa. Nilihesabu dakika tano hivi kabla hajanipiga mkia na kuondoka. Yule aliyenisema mwaka jana alikuwa pale na ndoo yake. Aliniangalia, akarudi kwenye uzi wake bila neno. Nyumbani mama wa watoto alikuwa ameshasonga bugali, na hajanisamehe.

Wewe wa Uvira, nijibu: unatumia uzi wa unene gani, na breki yako umeilegeza kiasi gani?