Muulize Mjomba: Mchana Hisabati, Usiku Dijei, Jumatatu Niko Hoi

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu wa kike, miaka 28, nafundisha hisabati sekondari moja ya kata huku Morogoro, huu mwaka wa nne tangu niajiriwe. Mziki nilianza kupiga nikiwa chuo kwa mashine ya kuazima, sasa hivi nina kontrola yangu, ile mashine ya dijei ya kuchanganyia nyimbo, na laptopu, naitwa kwenye send-off, kitchen party na harusi, harusi moja ya Jumamosi nachukua laki mbili na nusu, na wala sijisifu Mjomba lakini nikishika mashine ukumbi unasimama mpaka wale mashangazi wa meza ya mbele waliokuja wamenuna. Shida imeanza mwezi wa pili. Baa moja hapa mjini wamenipa siku za kudumu, Alhamisi na Jumapili, elfu 60 kwa usiku, msosi na usafiri wa kurudi juu yao. Napiga mpaka saa 7 usiku, nafika home saa 8, saa 12 asubuhi niko stendi nasubiri daladala. Wiki iliyopita nilikuwa zamu nikachelewa mstarini siku mbili, mkuu wa shule akaniita ofisini akasema "madam, chagua moja". Mama naye anasema mwanamke kupiga mziki baa ni uhuni, nitamkosesha mkwe. Wanafunzi wa form two washaniona kwenye status ya mtu, wananiita Madam Biti, nikipita korido nasikia wanapiga mdomo dush dush. Mjomba niache ualimu au niache mziki? Maana nikifikiria kuacha kimojawapo nalia.*

*Madam Biti, Morogoro*

Marahaba mpwa wangu, na pole na uchovu, barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nilikuwa nacheka mwenyewe sebuleni, sikucheki wewe, nilikuwa najicheka mimi.

Maana mwaka 87 nilikuwa nafundisha Kiswahili shule moja Tanga, na wikiendi napiga disko. Enzi hizo hamna kontrola, una deki mbili na kaseti kwenye kikapu, wimbo unautafuta kwa kurudisha kaseti na kalamu ili usimalize betri, na umeme ukikatika katikati ya ngoma unalaumiwa wewe. Jumamosi napiga ya wakubwa, Jumapili mchana disko toto, Jumapili usiku tena wakubwa. Sasa Jumatatu moja nimesimama ubaoni naandika "Kirai" na chaki yangu, nikafumba macho kidogo tu, nikaja kushtuka ile K ina mkia mrefu umeshuka mpaka chini ya ubao, nililala wima mwanangu. Nikageuka nijue wanacheka kiasi gani. Hakuna aliyecheka. Watoto 45 wametulia tuli, mmoja ameshaanza kuchora katuni, na ule utulivu ndo ulioniuma, maana nilielewa kuwa wameshazoea.

Kwahiyo nikikwambia kitu hapa sikwambii kama mtu aliyesoma kwenye kitabu.

Kwanza hili la "chagua moja". Wakubwa wetu wanalipenda sana hilo neno. Hata Mwalimu Nyerere pale Pugu mwaka 1955 ilibidi achague kati ya kufundisha na siasa, akaacha chaki. Lakini yeye alikuwa anataka kumtoa Mwingereza, wewe unataka tu watu wacheze, sioni kwanini uchague kama yeye. Rudi kwenye hayo mazungumzo ya ofisini uyasikilize upya. Mkuu wako hajasema mziki mbaya, hajasema umevaa vibaya, umeambiwa siku mbili za zamu hukuwepo mstarini kwa wakati. Mwalimu wa zamu asipokuwepo ina maana geti limefunguliwa na mtu mwingine, usafi umesimamiwa na mtu mwingine, wanafunzi mia kadhaa wamesimama juani wanamsubiri madam. Hilo ni kosa la kazi, na kesi za nidhamu za walimu wa serikali zinaishia Tume ya Utumishi wa Walimu, pale hawakuulizi unapiga amapiano au kwaya, wanauliza daftari la mahudhurio linasemaje.

Sasa tuje kwenye hela, na hapa mpwa umeniangusha, maana wewe ndo mwalimu wa hisabati. Baa ni elfu 60 mara siku 2 kwa wiki, mara wiki 4, laki nne na themanini. Harusi mbili za Jumamosi kwa bei yako uliyoniandikia mwenyewe ni laki tano. Unakesha usiku 8, tena usiku wenyewe ni wa kuamkia kazini, ili upate pungufu ya Jumamosi mbili ambazo kesho yake unalala mpaka adhana ya adhuhuri. Alafu harusi kumbi nyingi zinazima saa 6, baa unapiga mpaka mlevi wa mwisho apate bodaboda.

Najua utanijibu, Mjomba harusi hazipo. Ni kweli, hazikuwepo. Angalia tarehe: mwaka huu 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na mfungo wa Ramadhani ukaanza wiki hiyohiyo, Wakristo hawaoi Waislamu hawaoi, kumbi zikabaki na popo. Na ile baa imekufata mwezi gani? Wa pili. Ulikuwa na njaa ya shoo ukashika kilichokuja, hata mimi ningeshika. Lakini Idd imepita, Pasaka imepita, simu zitaanza kuita, na we utakuwa umejifunga Jumapili kwa Jumapili na mwenye baa ambaye siku ukiomba ruhusa ananuna.

Mtu akiwa dijei na mwalimu kwa pamoja amebahatika kuliko anavyojua, kalenda zinaingiliana vizuri sana. Shule zinafunga mwezi wa 6 na wa 12, na harusi nyingi ziko hapohapo. Mitihani ya form four ni Novemba, miezi miwili kabla yake punguza kabisa, chukua moja tu kwa mwezi tena ya mtu wa karibu. Hesabu zako za mwaka zipange hivo, kwamba kuna miezi ya kuvuna na miezi ya ukame, ile ya kuvuna weka akiba ili ukame usikupeleke tena kwa mwenye baa.

Kwahiyo kinachokuua sio mziki. Ni Jumapili. Alhamisi nayo ni mbaya lakini Ijumaa unaweza ukajikokota ukafika jioni, Jumapili usiku inakuharibia wiki nzima kabla haijaanza, mwili unaanza Jumatatu ukiwa na deni. Mimi ndo nilichofanya baada ya ile K yenye mkia, niliacha usiku wa Jumapili tu, disko la Jumamosi na disko toto la mchana nikaendelea nayo miaka mingine sita na hakuna mkuu wa shule aliyenisumbua. Mwenye baa mpelekee hii: Ijumaa moja na Jumamosi moja kwa mwezi, siku ambazo huna harusi. Akikataa muache, baa zipo.

Kuna kitu kingine hukuuliza ila nitakisema. Masikio. Wataalamu wa afya kazini wanakadiria kuwa sauti ya desibeli 85 sikio linaivumilia masaa 8, kila ikipanda desibeli 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 unabaki na robo saa. Robo saa! Na pale pembeni ya spika za baa 100 ni kitu cha kawaida, we unakaa masaa matano. Ukirudi nyumbani ukiweka kichwa kwenye mto unasikia "nziiii" masikioni? Hiyo sio uchovu, ni sikio linalalamika. Nunua vizibo vya masikio vile vya wanamuziki, spika ya monita, ile ya dijei kujisikilizia, isikutazame usoni, na hedifoni usiipandishe kushindana na ukumbi. Mwalimu anayemwambia mtoto wa dawati la nyuma "umesemaje? rudia" mara tatu, darasa lote linaacha kunyoosha mikono.

Mama sasa. Usibishane nae, mama habishiwi. Subiri send-off ya mtu anayemfahamu, muombe aje, muweke meza ya mbele, na ukifika muda wa kula upige taarabu za zamani taratibu alafu zilipendwa zile alizochezea yeye usichana wake, usiseme kitu kwenye maiki, piga tu. Mama anachokiona akilini ni baa ya saa 7 usiku na walevi, hajawahi kukuona umesimama nadhifu unaongoza sherehe na wazee wanakuja kukushika mkono. Na tuseme ukweli kwa upande wa baa hajakosea sana, binti kurudi saa 8 usiku hata mimi nisingelala.

Kuhusu wale wa form two wanaopiga dush dush koridoni, hao wamekupa somo la bure. Waulize amapiano ya biti 112 kwa dakika na singeli ya 224 zina uhusiano gani. Watajua wenyewe ni mara mbili, ndo maana unaweza kutoka huku kwenda kule na mtu hajikwai. Waambie wahesabu biti 32 kabla wimbo haujabadilika, nne mara nane. Uwiano uliokuwa unawafundisha wiki mbili utaingia kwa dakika kumi. Ila mipaka iwepo: nambari ya dijei iwe tofauti na ya mwalimu, wazazi wasikukute status ya mapaja na glasi, na shuleni usipige nyimbo yoyote ya mapenzi hata kwenye mahafali hata wakikuomba kwa magoti. Unakumbuka 2023 video ya wanafunzi wakicheza nyimbo ya mapenzi ilivyosambaa mpaka wizara ikapiga marufuku nyimbo za namna hiyo shuleni. We tayari una jina, itaanza kuulizwa nani alikuwa anapiga.

Jumatatu hii nenda ofisini kabla hujaitwa. Usijitetee, mwambie "mkuu, Jumapili nimeacha, zamu yangu ijayo nitafika saa 12 na nusu". Alafu ufike.

*Mjomba habari za kazi. Mwalimu wa darasa la mwanangu nimemkuta kwenye harusi anapiga disko, kavaa kofia nyuma mbele. Hii ni sawa kimaadili? Mzazi, Kibaha.*

Salama. Fungua daftari la mtoto. Kama limesahihishwa mpaka kazi ya juzi, basi kofia ni yake. Kama halijasahihishwa tangu mwezi uliopita nenda shule, na ukifika ongelea daftari, harusi usiitaje.

*Mjomba kwema? Mimi nafundisha msingi huku Geita, nataka kuingia kwenye udijei kisawasawa, nimepata jamaa wa kunikopesha milioni 3 chapchap ninunue spika mbili kubwa na mashine, anataka kadi yangu ya benki akae nayo mpaka nimalize. Nichukue? Teacher wa Geita.*

Usichukue. Na kama kadi ushampa, leo hii nenda benki ukaizuie ubadilishiwe, hii barua utamalizia kusoma kwenye foleni.

Mtu anayeshika kadi ya mwalimu ndo kausha damu mwenyewe, tumewazika kiuchumi walimu wangapi kwa staili hiyo. Mkopo wa halali unakatwa kwenye mshahara na lazima ubakiwe na angalau theluthi moja, huyo jamaa wa kadi hajui theluthi, anachota yote mwisho wa mwezi alafu anakukopesha tena hela ya kula, kwenye hela yako mwenyewe.

Alafu spika za nini ndugu yangu? Spika ndo kitu cha mwisho kununua. Kumbi nyingi zina zao, na pasipo na zao watu wa kukodisha wapo kila mji, gharama unaiweka kwenye bei unayompa mteja, zikiungua ni za mkodishaji na kuzibeba anajua yeye na fuso yake. Anza na kontrola ndogo ya mkono wa pili na hedifoni nzuri, laptopu kama unayo ile ya kuandikia maandalio ya masomo inatosha. Miezi sita ya kwanza omba kumsindikiza dijei wa hapo mjini, kunja waya, beba meza, umuangalie anavyofanya bibi harusi akichelewa saa nzima na ukumbi umeshapoa, hicho hakuna mashine inayokufundisha. Ukianza kulipwa nenda ukajisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, usisubiri kukamatwa na mtu wa utamaduni mlangoni.

Na kwa kuwa ni mwalimu, kontrola usiipeleke shule. Vumbi la chaki likiingia kwenye zile slaidi za sauti zinaanza kukwaruza, siku ya shoo unashusha wimbo taratibu unakatika ghafla kama umepigwa kofi. Nyumbani ifunike na khanga, kabla ya kuigusa nawa mikono.

Flashi beba mbili, nyimbo zilezile kwenye zote.